TP LINDANDA: KUTOKA 17-1 HADI MIAKA 23 YA BENCHI

Vijana wengi wa Mwanza wamekua wakijua Simba na Yanga tu. Wazee wa pale Kirumba wao wanakumbuka kitu kingine: Pamba, TP Lindanda.

Mwaka 1990 Pamba iliichapa Anse Boileau ya Shelisheli jumla ya mabao 17-1 kwenye Kombe la Washindi Afrika. Mwaka huohuo ikabeba ubingwa wa Muungano. Ilikuwa timu ya zao la pamba, na zao likiwa na hela, timu nayo inakula vizuri.

Halafu mambo yakageuka. Mastaa wakaanza kubebwa mmoja mmoja kwenda Dar. Simba ile ya fainali ya CAF 1993 ilikuwa na watu waliopikwa Mwanza. Zao likayumba, mfuko ukatoboka, na 2001 Pamba ikashuka daraja.

Jiji halikulala, maana Mbao ilipanda 2016 na 2017 ikaitoa Yanga 1-0 nusu fainali ya FA palepale Kirumba, kabla ya kufungwa 2-1 na Simba fainali. Lakini 2020 nayo ikashuka.

Pamba ikarudi 2024, sasa ni Pamba Jiji, chini ya halmashauri. Ilichapwa 4-0 na Yanga, ikabadili kocha, ikakaza, ikabaki ligi kuu.

Swali ni lilelile la zamani: mlipaji akichoka, nani ataishika? Wana Rock City, funguka hapo chini.