Friwili, Hesi na Mizigo: Gurudumu la Nyuma katika Mwambao wa Uvira

Mji wa Uvira umebanwa kati ya milima ya Itombwe na Ziwa Tanganyika, katika ukanda mwembamba ambao upande wa kaskazini hupanuka na kuwa bonde la Ruzizi, na ni utambarare wa bonde hilo, pamoja na ukaribu wa Bujumbura ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira, ulioifanya baiskeli, ambayo huko huitwa pia kinga, kuwa chombo cha biashara zaidi kuliko cha matembezi. Mihogo, makaa na ndagala waliokaushwa hufungwa juu ya keria, na kwa kuwa uzito huo wote huliangukia gurudumu la nyuma, ndilo lililomfunza fundi sehemu kubwa ya kazi yake.

Katika gurudumu hilo hukaa friwili, yaani duara la meno linalovutwa na mnyororo, ambalo ndani yake vikwamizi vidogo vinavyosukumwa na springi hushika mwendeshaji anapokanyaga pedeli na huachia anapopumzika. Kifaa hiki kilienea Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1890. Hakifungwi kwa nati bali huzungushwa juu ya hesi ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kila pedeli inapokanyagwa hukikaza zaidi, kiasi kwamba baada ya miaka ya kubeba magunia huwa kimeshikana na habu kana kwamba vimechomelewa pamoja.

Hesi hiyo ina historia ya kisiasa. Kipimo cha Kiingereza ni kipenyo cha inchi 1.37 chenye nyuzi 24 kwa kila inchi, ilhali cha Kifaransa ni milimita 34.7 chenye hatua ya milimita 1. Tofauti ni ndogo mno kuonekana kwa jicho, lakini inatosha kukwamisha friwili ngeni au kuila hesi ya habu. Uvira ilikuwa chini ya Wabelgiji hadi 1960, lakini mlango wake wa kwenda baharini ulipita Kigoma, mwisho wa reli iliyotoka Dar es Salaam tangu 1914, ambako makubaliano ya 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji yaliwapa Wabelgiji eneo lao la kupitishia bidhaa. Mwambao wa kaskazini uliangalia basi pande mbili, ule wa ofisi zilizoandika Kifaransa na ule wa Tanganyika ya Waingereza na baiskeli zao za Raleigh. Hatimaye kipimo cha Kiingereza kiliimarika, kwa sababu viwanda vya Asia, kama Hero iliyoanzishwa Ludhiana mwaka 1956, vilifuata muundo wa Kiingereza.

Kinachomlazimisha fundi kuifungua friwili mara nyingi ni spoki, kwani gurudumu la nyuma la muundo huo lina spoki 40, na zile za upande wa mnyororo, zinazobeba mvuto mkubwa, haziwezi kubadilishwa friwili ikiwa imefunika matundu yake. Penye kifunguo maalumu, hicho hubanwa kwenye jiliwa na gurudumu zima huzungushwa juu yake kinyume cha saa kama usukani wa lori. Pasipo kifunguo, au mifuo yake ikishalika, ufundi halisi huanza: kifuniko chenye vitundu viwili, ambacho hesi yake ni ya kinyume, hugongwa kwa tindo kuelekea upande wa saa, gololi na vikwamizi huondolewa kwa uangalifu, na kiini kinachobaki hushikwa kwa spana ya bomba hadi kiachie. Anayesahau ukinyume huo hukikaza kile anachotaka kukifungua.

Habu ya kipimo cha Kiingereza, hata iwe na umri gani, hupokea friwili mpya kutoka India au China. Ile ya Kifaransa haina bahati hiyo, kwani friwili za hesi yake zimekuwa adimu duniani kote. Kwa hiyo friwili yake kuukuu husafishwa kwa mafuta ya taa, hutiwa gololi mpya na kurudishwa pale pale ilipotolewa.