Ulanzi, Ukakasi na Neva: Je, Kila Ladha Ina Waya Wake?

Ulanzi, yaani pombe ya mianzi, uliogemwa alfajiri katika vijiji vya Njombe ni mtamu na haujalewesha. Ukifika vilabuni Makambako jioni umeanza kuuma ulimi, na baadaye unakuwa mkangafu, yaani ulanzi mkali. Mabadiliko yaliyotokea ndani ya mbeta, chombo cha kukingia ulanzi, yanaeleweka: hamira za asili zimekula sukari zikatoa kileo, na bakteria wameongeza tindikali. Yaliyotokea ndani ya mnywaji ndiyo yanayobishaniwa. Mzoefu hukadiria umri wa ulanzi kwa funda moja, ilhali katika neva haipiti sukari wala tindikali. Hupita mipigo ya umeme tu, na mipigo hiyo inafanana. Ubongo unatofautishaje?

Jibu linalotawala leo ni kwamba kila ladha ina waya wake. Kila kinundu cha ladha kina seli kati ya 50 na 100, na seli moja kwa kawaida hubeba kipokezi cha ladha ya aina moja: T1R2 na T1R3 kwa pamoja hunasa utamu, vipokezi 25 hivi vya binadamu hunasa uchungu, na OTOP1, kilichotambuliwa mwaka 2018, hunasa uchachu. Sukari ikigusa seli yake, mlango uitwao TRPM5 hufunguka, seli hutoa ATP, na ATP huamsha ncha ya neva. Neva ya saba hubeba habari za sehemu ya mbele ya ulimi na ya tisa zile za nyuma, hadi kwenye shina la ubongo na hatimaye gamba lake. Kipokezi kikiharibika, ladha hupotea: paka hana habari na sukari kwa sababu jeni yake ya T1R2 ilikufa zamani. Ushahidi mzito zaidi ulitoka mwaka 2005 katika maabara za Charles Zuker na Nicholas Ryba. Kipokezi cha uchungu kilipopandikizwa katika seli za utamu za panya, panya hao walikimbilia kitu kichungu.

Siukatai ushahidi huo. Ninachokataa ni hitimisho kwamba waya peke yake ndio maana ya ladha. Tangu mwaka 1941, Carl Pfaffmann alipopima nyuzi mojamoja za neva ya paka, ilionekana kwamba nyuzi nyingi huitikia zaidi ya kichocheo kimoja. Joto ndilo linaloonyesha tatizo hili vizuri. TRPM5 hufanya kazi zaidi kadiri ulimi unavyopata joto, ndiyo maana neva ya panya huitikia sukari kwa nguvu zaidi kwenye nyuzijoto 35 kuliko 15. Mwaka 2000 Alberto Cruz na Barry Green walionyesha kwamba baadhi ya watu huhisi utamu ncha ya ulimi ikipashwa joto tu, bila kuwekewa chochote. Mtetezi wa waya atashangilia hapo. Lakini waya unaopiga kwa sukari na kwa joto hauwezi peke yake kusema ni kipi kilichouamsha. Lazima ubongo uulinganishe na nyuzi jirani, zikiwemo za joto zilizo katika neva ya tano.

Neva hiyo ya tano vitabu vya ladha huitaja kwa haraka mno. Magome ya miti ya miwati huko Kibena hukamuliwa tanini ya kulainishia ngozi, na jamii hiyohiyo ya kemikali ndiyo inayokausha mdomo wa anayekunywa chai kali ya Luponde bila maziwa. Ukakasi huo hausafiri kwa neva za ladha. Ni neva ya tano inayoupeleka, na maziwa huupunguza kwa kuwa protini zake huishika tanini. Mkangafu nao huamsha neva hiyo kwa kileo na tindikali, huku waya wa utamu ukinyamaza polepole. Umri wa ulanzi, basi, hausomwi kwenye waya wowote. Husomwa kwenye uwiano wa nyaya.

Wapinzani watataja mwaka 2015, maabara ya Zuker ilipoamsha kwa mwanga eneo la utamu au la uchungu katika gamba la ubongo, na panya wakaonyesha dalili za ladha hiyo bila kitu chenye ladha hiyo kugusa ulimi. Jaribio ni zuri kweli. Hata hivyo lilishughulikia ladha mbili zinazopingana, moja kwa wakati. Hakuna anayekunywa ulanzi wa namna hiyo.

Nyaya zinatosha kumwambia mnyama ale au ateme. Kutambua anachokula kunadai ulinganisho, na hapo nadharia ya Pfaffmann, kwamba ladha husomwa kwa kulinganisha nyuzi nyingi, bado haijashindwa. Mwalimu wa biolojia anayetilia shaka awape wanafunzi wake vikombe viwili vya maji yenye sukari kidogo, kiasi kilekile: kimoja kilicholala nje usiku wa Julai wa Njombe, kingine vuguvugu. Awaulize kipi kimetiwa sukari zaidi.