Seyyid Said na Wamarekani: Mshirika wa Ng'ambo Alivyochunguzwa

Kila tunapokutana hapa Maskati kuadhimisha 9 Desemba, wazee wetu hutukumbusha kwamba njia iliyotuleta huku si ngeni. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya ndege. Mwaka huu nimeona tuitazame njia hiyo kwa upande wa biashara, kwa sababu ya swali ninalolisikia mara kwa mara kazini wakati wa chai: huyu mtu wa nchi nyingine anayetaka tushirikiane, nitamjuaje?

Swali hilo lilimfika Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, wakati hapakuwa na simu wala benki ya kuuliza. Mwaka 1827 mfanyabiashara wa Kimarekani, Edmund Roberts wa Portsmouth, New Hampshire, alifika Unguja na shehena yake. Hakufurahi. Alilazimika kufanya biashara kupitia mawakala wa Seyyid, na mali yake ikachelewa kuuzika. Januari 1828 Seyyid mwenyewe alifika Unguja kwa mara ya kwanza, na Roberts akapata nafasi ya kumweleza malalamiko yake ana kwa ana.

Mtu mwingine angemfukuza mgeni mlalamishi, au kwa tamaa angempa kila alichotaka. Seyyid hakufanya lolote kati ya hayo. Aliacha wazi mlango wa mazungumzo, na miaka mitano na zaidi ikapita. Kipindi hicho hakikuwa cha kulala. Baina ya Septemba 1832 na Mei 1834 zilitia nanga Unguja meli 41 za kigeni, na 32 kati yake zilikuwa za Kimarekani, nyingi zikitoka mji mdogo wa Salem. Hivyo Seyyid hakuhitaji kumsikiliza Roberts akijisifu. Watu wake wa forodhani waliwaona Wamarekani kila msimu: wanaleta nini, wanalipaje, wanarudi au hawarudi.

Chuoni nilikosomea uuguzi, mbali na nyumbani, tulifundishwa kwamba maelezo ya mgonjwa ni mwanzo tu. Unamuuliza na aliyemleta, unasoma faili la zamani, kisha unampima mwenyewe. Nikisoma habari za Seyyid Said naona mtu aliyefanya hivyohivyo, na hakuruka hatua.

Roberts alirudi, safari hii akiwa mjumbe wa serikali yake, ndani ya manowari Peacock. Tarehe 21 Septemba 1833, hapahapa Maskati, mkataba wa urafiki na biashara ukatiwa saini. Wamarekani waliruhusiwa kuuza na kununua kwa uhuru na kulipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa wanazoshusha. Lakini Seyyid alijiwekea kinga: bunduki, baruti na risasi zikifika kisiwani Unguja zisiuzwe kwa mwingine ila serikali yake. Na kuna kifungu kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Meli ya Kimarekani ikivunjika katika pwani yake, watakaookoka watatunzwa kwa gharama ya Sultani mpaka wapate njia ya kurudi kwao, naye hatapokea malipo yoyote kwa kumsaidia aliyepatwa na shida.

Maneno matamu ya karatasini, utasema. Basi sikiliza. Septemba 1835, miaka miwili baadaye, Peacock ileile ilikuwa inamleta Roberts Maskati kubadilishana hati zilizoidhinishwa. Ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira. Roberts na mabaharia wachache walichukua mashua ndogo wakaja Maskati kuomba msaada, na Seyyid akatuma meli yake, Sultana. Manowari ilijinasua baada ya kutupa baadhi ya mizinga baharini, ikafika bandarini, na tarehe 30 Septemba hati zikabadilishwa. Kifungu kilikuwa kimepimwa kabla wino haujakauka, kama wasemavyo watu wa mahakama.

Bado Seyyid hakuridhika kuwajua Wamarekani kupitia wale waliokuja kwake. Alitaka mtu wake akawaone kwao. Tarehe 30 Aprili 1840 Sultana iliingia New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman, na shehena ya tende na kahawa, pamoja na pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi kutoka Zanzibar. Ahmad alikaa zaidi ya miezi mitatu. Aliuza, alinunua, alitembezwa mjini, alipanda gari moshi. Meli ilikuwa imechoka, na jeshi la majini la Marekani likaikarabati kwa gharama ya serikali yao. Wema wa Masira ulikuwa umekumbukwa.

Alijifunza na jambo ambalo hakuna barua ingemfunza. Seyyid alimpelekea Rais Martin Van Buren zawadi za kifalme, wakiwemo farasi wawili. Rais alishukuru lakini akasema katiba haimruhusu kuzipokea. Bunge likaamua zipokelewe kwa niaba ya nchi, na farasi wakauzwa mnadani, fedha zikaingia hazina. Kwa watu waliozoea kwamba ukimridhisha mkubwa umemaliza mambo, hiyo ilikuwa habari nzito: kule mkubwa si mwenye mfuko.

Upande wa pili nao ulikuwa na la kujifunza. Richard Waters wa Salem, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja kuanzia 1837, aligundua kwamba uhuru wa kwenye mkataba ni kitu kimoja na forodha ni kitu kingine. Forodha ilikodishwa kwa Jairam Shivji, na Waters akapatana naye vizuri hata Wamarekani wengine wakalalamika kwamba milango imefungwa. Ukimjua mwenye nchi na usimjue mwenye forodha, mzigo wako utakaa juani.

Niseme pia lisilopendeza. Pembe zile zilibebwa mabegani kutoka bara na karafuu zilichumwa na watumwa. Hakuna aliyewauliza wao kama mshirika huyu anafaa.

Kwetu leo mambo mengine yamekuwa mepesi. Sijili ya biashara ya Oman inaulizwa kupitia wizara ya biashara. Kampuni ya Bara iko BRELA, ya Zanzibar iko BPRA. Hata hivyo kuna dada mmoja, mwenzetu wa zamu za usiku, aliyetuma akiba ya miaka minne nyumbani kwa ajili ya duka la dawa. Jina la kampuni lilikuwa halali kabisa. Mwenye kampuni hakuwa yule aliyekuwa akimpigia simu. Nauli ya kwenda kuangalia ingekuwa chini ya mshahara wake wa mwezi mmoja, na likizo alikuwa nayo.