Tairi Halikui, Chuma Ndicho Kinachokua

Baba mdogo aliinama kando ya gari, akaweka vidole kati ya ukingo wa rimu na lami, akapima kama fundi cherehani anayepima pindo. "Sasa hapa mpira uko wapi?" akaniuliza.

Tulikuwa kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka, mvua ya jioni imeanza. Mama alikuwa ndani ya gari, na kwenye buti kulikuwa na mkungu wa ndizi wa kupeleka matanga. Shimo lenyewe lilikuwa dogo, limejaa maji, halionekani. Rimu ya inchi 18, niliyoinunua kwa mkopo ambao bado naulipa, ilikuwa imepinda kama sufuria iliyodondoka jikoni. Tairi lilikuwa limechanika ubavuni, mahali ambapo hata mtu wa pancha hana la kufanya. Lori la majani chai lilitupita likipiga honi. Nikamwona Mama kwenye kioo, amefumba macho.

Baba mdogo aliendesha matatu ya Peugeot 504 kati ya Kisii na Nyamira kwa miaka mingi. Hakunigombeza. Alisema tu: "Sisi tulikuwa tunatafuta tairi la juu. Nyinyi mnatafuta rimu ya juu. Hayo ni mambo mawili, kijana wangu."

Nilirudi Nairobi na sentensi hiyo kichwani. Nilipoanza kuifuatilia, nikaona ina historia ndefu ndani yake.

Anza na udongo. Gusii ni nchi ya vilima, na mvua yake hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Udongo ni mwekundu na hushika mguu. Majani chai yakishachumwa hayangoji. Lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Ndiyo maana baada ya mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, kuundwa mwaka 1964, barabara ilikuwa jambo la kufa na kupona kwa mkulima wa Kebirigo au Nyansiongo. Barabara hizo nyingi zilikuwa za murram. Gari lililodumu huku lilikuwa lile lenye tumbo la juu na mpira mwingi kati ya chuma na jiwe.

Peugeot ilikuwa gari la namna hiyo, na haikupata jina hapa kwa matangazo pekee. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilikuwa mtihani ambao kila mtu aliusikia redioni. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Mtu wa Nyamira akiambiwa gari hili limeshinda Safari, alielewa kwamba litafika kwao hata msimu wa matope.

Kizazi chetu kilirithi hadithi nyingine: Subaru. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliendesha Vivio, kigari cha injini ya cc 660, kwenye Safari, na akamaliza. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda na Impreza vilevile. Baada ya 2002 Safari ikaondolewa kwenye mashindano ya dunia, lakini jina la Subaru halikuondoka mtaani. Rally iliporudi Naivasha mwaka 2021, misafara ya mambaru ilijaza barabara. Mimi nilikuwa mmoja wao, na si nadanganya, nilijiona McRae.

Gari langu ni WRX ya mkono wa tatu, na lilikuja na matairi yaliyoandikwa 205/55R16. Wengi wetu tunaendesha juu ya namba hizi bila kuzisoma. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni urefu wa ubavu wake, yaani asilimia 55 ya upana huo, kama milimita 113. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, ile ya radiali. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Muuzaji aliniambia niweke "kubwa", 225/40R18. Piga hesabu. Asilimia 40 ya 225 ni milimita 90. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, kimo cha tairi la zamani ni milimita 632, na la jipya 637. Milimita tano tu! Gari halikuinuka. Chuma ndicho kilichokua, na mpira ukapungua milimita 23 pale pale unapohitajika kumeza shimo. Hivyo ndivyo vidole vya Baba mdogo vilivyopima, bila kalamu.

Kosa halikuwa la rimu. Kwenye lami safi, ubavu mfupi haupindi sana kwenye kona, usukani unaitika haraka, na rimu ya kipenyo kikubwa ina nafasi ya breki kubwa. Hata wanarally wanalijua hilo: katika mashindano ya dunia, gari la lami huvaa rimu za inchi 18. Lakini gari hilo hilo likienda kwenye vumbi na mawe, kama Naivasha, hushushwa hadi rimu za inchi 15 zenye mpira mnene. Yaani mimi, kwa mapenzi ya Safari, nilivalisha gari langu viatu ambavyo gari la Safari huvua kabla ya kugusa murram.

Unaweza pia kuongeza kimo chenyewe, kama walivyofanya akina Baba mdogo, ila kina bei yake. Tairi likiwa na kimo zaidi kwa asilimia tano, mshale ukisoma 100 wewe uko 105, na kupanda mlima gari linakuwa zito kwa sababu gia zote zimekuwa ndefu. Tairi linaweza kukwaruza ndani ya bodi ukijaza watu. Na kwa Subaru inayosukuma magurudumu yote manne, usibadilishe mawili ukaacha mawili: mzunguko ukitofautiana, mfumo wa katikati unaogawa nguvu unapata joto hadi uharibike.

Mwishowe niliuza zile rimu tatu zilizobaki nzima, kwa hasara. Nikarudia rimu zangu za 16 na kununua matairi manne ya 205/60. Ubavu umefika milimita 123 na gari limeinuka kama sentimita moja. Mshale unanidanganya kwa asilimia tatu hivi, nami najua. Kabla ya kulipa, nilimwomba fundi azungushe usukani hadi mwisho pande zote, watu wanne wakiwa ndani. Halikukwaruza. Nikasoma pia zile tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu, wiki na mwaka wa kutengenezwa, ili nisiuziwe mpira uliozeeka dukani.

Vijana wa mtaani wananicheka kwamba gari limekuwa Probox. Sawa tu, Probox za Kisii zinafika.

Desemba niliendesha tena hadi Nyamira, Mama kando yangu. Baada ya Keroka tuligonga shimo lililojaa maji, na gari likapiga kishindo cha chini, kizito. Mama alikuwa akinisimulia habari za kanisa. Hakunyamaza hata kidogo.