Roketi ya Shaba: mzee alisema kweli, na sisi tukacheka

Bandugu, leo siongelei mahindi wala mbolea. Nataka kuongelea roketi, na pia haya yangu mwenyewe.

Mu mwezi wa tatu 2025 tulikuwa ku matanga, mu komini ya Katuba. Ilikuwa usiku, delestaji kama kawaida, na sisi vijana tulikuwa tumezunguka moto. Mwenzetu mmoja alikuwa anatuonyesha video ku telefone: Blue Ghost, chombo kilichotua ku mwezi tarehe 2 Machi. Chombo hicho hakikutengenezwa na Leta ya Marekani, ni cha kampuni moja ya Texas. Tukaanza kubishana. Wengine walisema kampuni haiwezi kufika kule bila Leta, wengine walisema dunia imebadilika. Mzee mmoja aliyeketi pembeni na blanketi yake alitusikiliza, kisha akasema:

"Mambo ya kampuni kurusha roketi, shiye tuliyaonaka zamani. Mu Shaba humu humu, upande wa Manono. Bajerumani. Mobutu mwenyewe alienda kuangalia."

Tulicheka. Mimi njo nilicheka sana kupita wote, nikasema, "Baba, labda ilikuwa baruti ya mine." Yeye hakukasirika. Alisema tu, "Mweye munasomaka, lakini ya kwenu hamuijue," na akanyamaza.

Nilirudi nyumbani, na umeme uliporudi nikafungua intaneti. Mzee alikuwa amesema kweli, na mimi mwenye lisansi njo nilikuwa sijui kitu. Kwa hiyo leo naandika yale niliyoyakuta, kama deni.

Tuanze na safari ya mwezi yenyewe. Mu Julai 1969, Apollo 11 iliondoka Florida, ku kituo cha Kennedy. Miezi mitatu nyuma, mu Oktoba, wale wanaanga watatu, Armstrong, Aldrin na Collins, walipita Kinshasa mu safari yao ya kuzunguka dunia. Lakini mtu anayetuhusu zaidi sisi wa Katanga ni mkubwa wa kile kituo, Kurt Debus, Mjerumani. Alianza kazi yake ku roketi za vita za Hitler, akaenda Marekani baada ya vita, na yeye njo alisimamia kuondoka kwa Apollo. Alitoka ku kazi mu 1974. Haikupita muda mrefu, akawa mwenyekiti wa baraza la kampuni ya kijana mmoja wa Ujerumani aliyeitwa Lutz Kayser. Kampuni hiyo iliitwa OTRAG.

Wazo la Kayser lilikuwa rahisi kuelewa, hata kwa mtu wa majembe kama mimi. Roketi za wakati ule zilikuwa ghali kwa sababu kila moja ilijengwa kama saa ya mkono, kipande kwa kipande. Yeye alisema: tuchukue mirija ya chuma yenye upana wa sentimeta 27, tutie mafuta ya aina ya dizeli pamoja na asidi ya naitriki, tuifunge pamoja kama mtu anavyofunga kuni. Kama mzigo ni mkubwa, ongeza mirija. Ili kufungua na kufunga njia ya mafuta, alitumia mota ndogo inayopangusa kioo cha motokari. Wainjinia wengi walimcheka. Lakini leo angalieni roketi ya Starship, ile ambayo Marekani ilichagua mu 2021 kushusha watu ku mwezi: chini yake kuna injini 33 zinazofanana, zinatengenezwa nyingi nyingi ili bei ishuke. Sisemi walimuiga Kayser. Nasema wazo la kutengeneza vingi kwa bei ndogo lilijaribiwa hapa kwetu mbele ya wengi wetu kuzaliwa.

Sasa, kwa nini hapa? Sababu ya kwanza ni ya fizikia. Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa mwendo mkubwa zaidi, na roketi inapata ule mwendo bure. Sababu ya pili ni ya siasa. Baada ya vita, Ujerumani ya Magharibi ilikuwa imefungwa na mikataba juu ya makombora, na hakuna mtu ambaye angekubali roketi ijaribiwe katikati ya Ulaya. Sababu ya tatu ni Mobutu, aliyependa mambo makubwa yanayoonekana.

Mu Desemba 1975 mkataba ukawekwa sahihi. OTRAG ilipewa eneo la kilometa za mraba 100,000 mashariki ya Shaba, karibu mara nne ya Rwanda nzima, mpaka mwaka 2000. Uwanja wa kurushia ulijengwa juu ya mlima unaoangalia bonde la mto Luvua, kati ya Manono na Pweto. Maneno ya mkataba yalipotoka mu magazeti ya Ulaya mu 1977, watu walishangaa: wafanyakazi wa kampuni walipewa kinga, na kampuni iliweza kuomba wakaaji waondolewe mahali inapopahitaji. Mimi nilisoma ile sehemu mara mbili. Mu lile eneo kulikuwa na vijiji, mashamba ya mihogo, wavuvi wa Luvua. Sikukuta mahali popote panaposema waliulizwa.

Halafu angalieni tarehe, kwa sababu mu shule tunafundishwa vita vya Shaba bila kusikia neno roketi. Mu Machi 1977 askari wa FLNC waliingia kutoka Angola. Hiyo njo vita ya kwanza. Roketi ya kwanza ya OTRAG ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, vita ikiwa inakaribia kuisha. Ilikuwa na urefu wa meta 6 tu, na ilipanda karibu kilometa 20. Tarehe 13 Mei 1978 FLNC wakakamata Kolwezi. Tarehe 19 askari wa Ufaransa wakaanguka na miavuli juu ya mji. Kesho yake, tarehe 20 Mei, karibu kilometa 450 kutoka Kolwezi kwa kukata angani, Wajerumani wakarusha roketi ya pili, ikafika karibu kilometa 30. Babu na nyanya zetu wa Kolwezi walikuwa wamejificha chini ya vitanda siku ile ile.

Roketi ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978, na hii njo ile ya Mobutu. Alikuja na kofia yake ya chui na wakubwa wake. Roketi ya meta 12 iliondoka vizuri, kisha ikapinda na kurudi chini ku bonde la Luvua. Picha za sinema bado ziko. Unaweza kuziona mu filamu ya 2018 inayoitwa Fly Rocket Fly.

Lakini si kule kuanguka kulikoua mradi. Roketi zinaangukaka, hata leo vyombo vingi vinapasuka ku mwezi. Kilichoua mradi ni kwamba wakubwa wa dunia waliogopa. Moscow ilisema ni makombora yaliyofichwa. Angola na majirani wengine walilalamika. Ufaransa, iliyokuwa inajenga roketi yake Ariane, haikupenda mshindani. Bonn ikachoka na kelele. Mu 1979 Mobutu akafunga mlango, na OTRAG ikahamia Libya kwa Kadhafi, ambako ilirusha tena mu 1981, na mu miaka iliyofuata ikaisha. Kayser alikufa mu 2017.

Bandugu, hapa njo nataka tusimame. Watu wanapenda kusema historia hii ni ya kuchekesha: Mobutu, chui, roketi inaanguka. Mu 2009 pia watu walicheka wakati Jean-Patrice Keka, Mkongomani, aliporusha roketi yake Troposphère 5 pale Menkao, karibu na Kinshasa, na panya ndani, ikashindwa. Mimi sasa sioni cha kucheka. Keka alijaribu na kushindwa kama mtu anayejifunza, na kushindwa kwake ni kwetu. Kwa OTRAG, sisi tulitoa ardhi, kazi ilipoisha wakabeba michoro yao, na sisi tukabaki na msitu. Hata habari yenyewe hatukubaki nayo. Mimi nilisoma miaka yote mu Lubumbashi, na nilipata jina la OTRAG kwa mzee wa matanga na kwa sinema ya Wajerumani.

Na hii si hadithi ya zamani tu. Leo mashindano yako ku ncha ya kusini ya mwezi, kwa sababu kule kuna barafu, na barafu inaweza kutoa maji ya kunywa na mafuta ya roketi. India ilitua karibu na upande ule tarehe 23 Agosti 2023. Mu Juni 2024 China ilileta udongo kutoka upande wa nyuma wa mwezi, karibu kilo 2. Mkataba wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kumiliki mwezi. Lakini makubaliano ya Artemis, yaliyoanzishwa na Marekani mu 2020, yanasema kuchimba na kuchukua mali si kumiliki. Rwanda na Nigeria waliweka sahihi mu 2022, Angola mu 2023. Mtu wa Katanga akisikia "ardhi si yako, lakini unaweza kuchimba", masikio yake yanasimama. Tunajua ile lugha. Ku Manono, upande ule ule wa zamani wa roketi, leo makampuni yanashtakiana juu ya litiamu, na wakaaji wanangojea.

Kuna mtu ataniambia: wewe ni agronome, mwezi unakuhusu nini, na bukari yenyewe imepanda bei? Nitamjibu kwa kazi yangu. Mu Mei 2022 watafiti wa Iniversite ya Florida walitangaza kwamba walipanda mbegu za mmea mdogo mu udongo wa mwezi ulioletwa na Apollo 11, 12 na 17. Mbegu ziliota. Lakini mizizi ilidumaa, majani mengine yakageuka rangi, na mimea ilionyesha dalili za taabu kama ile ya udongo wenye chumvi na metali nyingi.

Taabu ya metali! Hapa Lubumbashi, chini ya bomba la Gécamines, upande wa Penga Penga, udongo umekunywa moshi wa shaba tangu 1911. Watafiti wa fakilte yetu pale UNILU wamefanya kazi miaka mingi kutafuta majani na miti inayokubali kuishi pale, kama lile jani dogo la Microchloa kunthii, pamoja na chokaa na mboji. Vilima vyetu vya shaba vina maua yasiyopatikana pengine popote duniani. Kwa swali la "nini kinaota mahali ambapo udongo haukupendi", sisi si wageni. Siku wanaposhindania mbegu za kupeleka kule juu, Katanga ina neno la kusema, kama watoto wake watajua kwamba wanalo.

Wiki iliyofuata nilienda kumusalimia yule mzee, nikapiga magoti kidogo na kuomba msamaha. Alicheka. Nikamuuliza kama aliiona roketi kwa macho yake. Akasema hapana, alikuwa Lubumbashi, aliisikia tu ku watu waliotoka Kiambi. "Balioiona kwa macho," akasema, "bengi bamekwisha kufa."

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kama mu familia yako kuna mzee wa Manono, Kiambi, Pweto au Moba aliyekuwa mtu mzima mu 1977, nenda kwake mu wiki hii na daftari. Muulize alisikia nini, aliona nini, nani aliondolewa shamba lake, nani alipata kazi na alilipwa ngapi. Andika kwa Kiswahili kile kile anachosema, uniletee, tutaviweka pamoja. Na akikuambia jambo linaloonekana kama uongo, usicheke mbele ya kuchunguza.