Paswadi Noma Hutengenezwa Kwa Keja: Mwongozo wa Msee wa Nairobi

Ukiingia karibu aparti yoyote pale Lavington, iwe James Gichuru ama Gitanga, soja anakupea kitabu kwanza. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Tembelea mabeshte watatu wiki moja na details zako ziko kwa vitabu vitatu, na hujui nani huvifungua usiku. Sasa kama paswadi yako ni jina, mwaka wa kuzaliwa ama namba ya simu, jua ushaianika getini.

Mwizi anabahatisha vipi?

Haketi hapo akijaribu kuingia kwa akaunti yako moja moja, juu atafungiwa haraka. Anaiba databesi ya kampuni, anaenda nayo kwake. Kama kampuni ilificha paswadi kwa MD5, njia ya kitambo, kadi moja ya RTX 4090, ile ya wasee wa gemu, inajaribu zaidi ya bilioni 100 kila sekunde. Paswadi ya herufi ndogo 8 inaweza kupangwa kwa njia bilioni 208 hivi. Piga hesabu: sekunde 2 tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa kampuni saa 72 kuripoti kwa Kamishna wa Data ikishajua data imevuja. Habari ikikufikia, mchezo uliisha kitambo.

Tupa dadu

Usiende kwa tovuti ya "tengeneza paswadi bure." Hata kama ni safi, huwezi jua kama imeweka kopi. Fanya hiyo kazi kwako.

Toa dadu ya ludo. Njia inaitwa Diceware, ilianzishwa na Arnold Reinhold mwaka wa 1995. Shirika la EFF lilitoa orodha yake ya maneno 7,776 mwaka wa 2016. Unatupa dadu mara 5, namba zinakupea neno moja. Rudia hadi upate maneno 6.

Kizungu kinakuchosha? Andika orodha yako ya maneno 216: mutura, beba, mtungi, kinyozi, chochote. Hapo dadu inatupwa mara 3 kwa kila neno, na unahitaji maneno 10. Ukiangalia poa, njia zote mbili ni kutupa mara 30. Nguvu iko kwa dadu, haiko kwa kuficha orodha. Mwizi akijua orodha yako yote na ajaribu mara trilioni moja kila sekunde, kumaliza njia zote kutamchukua miaka 7,000 hivi.

Sheria ni moja: usibadilishe neno juu halijakubamba. Ukianza kuchagua, umerudi kwa vitu mwizi anaweza kubahatisha.

Za kukumbuka kwa kichwa ziwe chache: ya kompyuta, ya imeli na ya programu inayokuwekea zingine. Hizo zingine acha KeePassXC izitengeneze kwa kompyuta yako, ama KeePassDX kwa Android. Faili inakaa kwako, haihitaji akaunti. Weka nakala kwa flashi. Kama unatumia Linux, Mac ama Termux, hii inakupea herufi 24 bila intaneti:

head -c 18 /dev/urandom | base64

Programu gani ya kuamini?

Uliza maswali matatu.

Kwanza, msimbo wake uko wazi? Crypto AG ya Uswisi iliuzia serikali zaidi ya 100 mashine za siri. Februari 2020 ikajulikana kwamba CIA na majasusi wa Ujerumani ndio walikuwa wenye kampuni tangu 1970, na walikuwa wanasoma. Msimbo kuwa wazi si muujiza: kutoka 2006 hadi 2008, OpenSSL ya Debian ilikuwa inatoa funguo elfu 32 hivi tu kwa kila aina. Lakini juu msimbo ulikuwa wazi, mtu aliona, akasema, ikarekebishwa.

Pili, nani anashika ufunguo? Signal inafunga meseji kutoka simu yako hadi ya mwenzako. WhatsApp pia, tangu 2016, lakini nakala inayoenda Google Drive haifungwi hivyo hadi uwashe mwenyewe kwa mipangilio. Telegram nayo, chati za kawaida hazijafungwa hivyo. Ni zile za siri tu. Kama mnapanga mambo mazito kwa grupu ya Telegram, kampuni inaweza kuyafikia.

Tatu, umeitoa wapi? Oktoba 2023 matapeli walilipia tangazo kwa Google la tovuti feki ya KeePass, jina likiwa na kaalama kadogo chini ya K. Andika keepassxc.org mwenyewe. APK ya kutumiwa na beshte, achana nayo.

Ukiwa na nusu saa leo jioni, anza na imeli. Ukisahau paswadi ya akaunti zingine, linki ya kuibadilisha hutumwa huko, kwa hivyo mwenye imeli yako ana karibu kila kitu chako. Tupa dadu, andika maneno kwa karatasi, ifiche kwa keja hadi yaingie kichwani, kisha ichome.