Ua la Mwanza

Mwaka 1996 nilikwenda Mwanza kusahihisha mitihani, na siku ya kurudi Mbulu nilipanda basi nimepakata ndoo yenye ua. Nililiokota mwaloni. Lilikuwa la zambarau, na petali yake ya juu ilikuwa na doa la njano kama jicho. Abiria wenzangu walilisifu. Basi liliposimama Katesh nikaliongezea maji lisininyaukie njiani.

Mama watoto alilifurahia, akaliweka katika karai. Haukupita muda mrefu karai likajaa, tukahamishia mengine kwenye pipa. Mimi, mkufunzi wa sayansi chuoni, nisijiulize lolote!

Kisha nikaona picha gazetini: mitumbwi imekwama katikati ya majani. Nikalipeleka gazeti hadi penye pipa. Jani la mviringo linalong'aa. Kikonyo kilichovimba, ukikipasua ndani ni kama sponji. Mizizi ya rangi ya giza yenye manyoya. Kabichi maji, ambayo wengi huichanganya nalo, haina vikonyo hivyo, na majani yake yana vinyweleo. Hili lilikuwa gugu maji lenyewe.

Asili yake ni bonde la Amazon, na uzuri wake ndio uliolitembeza duniani. Nchini kwetu lilikuwamo katika mito ya Sigi na Pangani tangu miaka ya 1950. Ziwa Victoria lilivamiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera ukaendelea kulileta. Mbawakavu wanaolila, walioachiwa Uganda kuanzia 1995 na baadaye Kenya na kwetu, walisaidia kulipunguza sana kufikia mwisho wa muongo ule, ingawa halikwisha. Vitabu husimulia mito na mikondo. Sijaona kinachotaja ndoo za walimu.

Tuliyang'oa yote, tukayaanika juani hadi yakakauka, tukayachoma. Lakini pipa lilikuwa likifurika kila mvua iliponyesha, na mfereji wetu huteremkia upande wa Ziwa Tlawi, wanakonywesha ng'ombe watu wote wa kule. Mbegu zake hukaa hai topeni kwa miaka mingi.

Basi kila Jumamosi, kwa miaka kadhaa, nilitembea ukingoni mwa Tlawi nikichungulia matete. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga huko alinizoea. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, kila wiki unatafuta nini humu?"

Nikaona haya. Nikamjibu nimepotelewa na ndama.